Njia kwanza, fomu baadaye: kuomba viza ya Schengen kwa safari ya sanaa za hadharani

Mara ya kwanza nilipoomba viza ya Schengen nilinyimwa kwa sababu ya siku mbili. Barua ya mwajiri ilisema likizo yangu inaisha tarehe 12. Tiketi ilionyesha narudi tarehe 14. Bosi alikuwa ameshanikubalia zile siku mbili kwa mdomo, lakini afisa mwenye faili mezani hakuwepo tulipozungumza. Nikarudishiwa pasipoti tupu pamoja na karatasi yenye visanduku, kimoja kimetiwa alama ya vema. Ada haikurudi.

Siku hizi sigusi fomu mpaka nijue kila usiku nitalala mji gani. Wengi hufanya kinyume: wanajaza fomu, wananunua bima, wanasaka miadi, halafu mwishoni kabisa wanabuni ratiba ya kuziba pengo. Kila karatasi inaishia kusema lake. Faili la viza ni kama kesi yenye mashahidi saba: afisa hahitaji wawe wasemaji wazuri, anataka wote wataje tarehe moja.

Mwongozo huu ni wa viza ya muda mfupi, aina C, kwa mtu anayekwenda kutembea tu. Mfano nilioutumia ni safari ya kutazama sanaa za hadharani: michoro ya ukutani, sanamu za viwanjani, vigae vilivyobandikwa kwenye kona za mitaa. Sanaa hizi hazina kiingilio, kwa hiyo bajeti ndogo haionekani ya kutunga. Tena kila moja ina mtaa wake, kwa hiyo ratiba inaandikika. "Kutembelea vivutio mbalimbali" ni maneno ambayo afisa amekwisha kuyasoma mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua Schengen inaanzia wapi na kuishia wapi

Mkataba wa kuondoa ukaguzi kwenye mipaka kati ya nchi wanachama ulitiwa saini tarehe 14 Juni 1985 katika kijiji cha Schengen, Luxembourg, na nchi tano. Leo ziko 29: nchi 25 za Umoja wa Ulaya, pamoja na Norwe, Aislandi, Uswisi na Liechtenstein. Kroatia iliingia 2023. Bulgaria na Romania zilifunguliwa kwanza kwa viwanja vya ndege na bandari mwezi Machi 2024, kisha mipaka ya nchi kavu tarehe 1 Januari 2025. Ukikuta ramani ya zamani mtandaoni, iache.

Walio nje ndio wanaowanasa watu. Ayalandi na Kupro zimo katika Umoja wa Ulaya lakini hazimo Schengen. Uingereza haimo kokote. Sasa tazama mtego ulivyo: uko Paris, treni ya London inakwenda saa mbili na ushei, na pale Trafalgar Square kuna ile nguzo ya nne ya mawe, iliyojengwa karne ya 19 kwa ajili ya sanamu ya mfalme, fedha zikaisha, ikakaa tupu zaidi ya miaka 150 hadi ilipoanza kubebeshwa kazi za wasanii wa leo, moja baada ya nyingine. Inavutia. Lakini kwenda kuiona unahitaji viza ya Uingereza, na ukitoka Schengen na viza ya kuingia mara moja, umeitumia. Kurudi Paris kuchukua begi lako hakupo.

Hatua ya 2: Chora njia, usiku kwa usiku

Chukua karatasi, chora safu tatu: tarehe, mji wa kulala, unachokwenda kuona. Mfano wangu una siku 11.

Tarehe 4 unatua Paris, unalala usiku wa 4, 5 na 6. Hapo kuna nguzo za Daniel Buren katika ua wa Palais-Royal: 260, za mistari myeupe na myeusi, zimekatwa kwa urefu tofauti. Zilipokamilika 1986 nusu ya mji ilikuwa imezikasirikia. Sasa watoto wanazipanda na wazazi wanapiga picha. Jioni zote tatu tembea ukiwa umeinua macho usawa wa vibao vya majina ya mitaa, utaanza kuviona vigae vya msanii anayejiita Invader, viumbe vya michezo ya zamani ya kompyuta, ambavyo alianza kuvibandika Paris mwishoni mwa miaka ya 1990. Huhitaji ramani. Ukikiona cha kwanza, vingine vinajileta.

Tarehe 7 treni hadi Brussels, usiku wa 7 na 8. Tangu 1991 mji huu umekuwa ukiwachora wahusika wa katuni kwenye kuta tupu za majengo. Ninaoupenda uko Rue de l'Étuve: Tintin, Kapteni Haddock na mbwa wao wanashuka ngazi za dharura zilizochorwa ubavuni mwa nyumba. Hatua chache kutoka hapo ndipo alipo yule mtoto wa shaba anayekojoa, Manneken Pis, wa kimo cha sentimita 55 hivi. Watu husafiri kutoka pande zote za dunia wakafika pale wakauliza, "Ndiyo huyu tu?" Ndiyo huyo tu. Na aliyeko mtaani ni nakala. Wa asili yuko makumbusho.

Tarehe 9 Berlin, usiku wa 9 hadi 13, ndege ya kurudi tarehe 14. Berlin nimeipa siku nyingi makusudi. East Side Gallery peke yake ni ukuta wa kilomita 1.3, kipande kirefu zaidi kilichobaki cha ukuta uliogawa mji, ambacho wasanii 118 kutoka nchi 21 walikichora mwaka 1990. Msongamano wote uko mbele ya busu la Brezhnev na Honecker, waliokuwa viongozi wa Umoja wa Kisovieti na Ujerumani Mashariki, kazi ya Dmitri Vrubel. Ukienda asubuhi mapema utaupata ukuta karibu peke yako. Ukifuata mto utafika mahali ambapo majitu matatu ya alumini yenye matundu, urefu wa mita 30, yamesimama majini yakikutana kifuani: kazi ya Jonathan Borofsky, 1999.

Hesabu sasa: usiku 3, 2 na 5. Jumla usiku 10, siku 11. Hizo namba mbili zitakufuata hadi mwisho, na usizichanganye: hoteli huhesabu usiku, viza huhesabu siku, na siku ya kuingia na ya kutoka zote mbili zimo.

Hatua ya 3: Njia ndiyo inayochagua ubalozi

Huombi viza kwa nchi ambayo ubalozi wake una foleni fupi. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Kwa mfano wetu ni Ujerumani, ingawa ndege inatua Ufaransa. Zikilingana, mathalani usiku minne kila mji, ndipo unaomba kwa nchi utakayoingia kwanza.

Tena unaomba katika nchi unayoishi kihalali, si ile uliyopitia kumsalimu dada yako. Na kama nchi unayokwenda haina ubalozi unapoishi, angalia kama kuna nchi nyingine ya Schengen inayoiwakilisha, maana huwa zinasaidiana hivyo. Ukipeleka maombi pasipohusika, hata wakikurudishia ada, muda wa kusubiri miadi hawakurudishii.

Hapa ndipo "ujanja" unapoharibu watu wengi. Mtu anasikia ubalozi fulani ni mwepesi, anabuni usiku sita kwenye nchi ambayo hana haja nayo, kisha mahojiano yanamkuta hawezi kutaja hata mtaa mmoja wa huko. Halafu mpakani anatua kwenye nchi nyingine kabisa akiwa na hoteli ya nchi nyingine kabisa. Viza inaweza kufutwa palepale.

Hatua ya 4: Kalenda

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 za kalenda, lakini kwa faili linalohitaji uchunguzi zinaweza kufika 45. Kwa hiyo mwenye kuomba siku 20 kabla ya safari amecheza bahati nasibu. Mimi huanza kutafuta miadi miezi minne kabla, kwa sababu mara nyingi tatizo si uamuzi, ni kupata tarehe ya kwenda dirishani.

Ada ni euro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024. Watoto wa miaka 6 hadi kabla ya kutimiza 12 hulipa 45. Walio chini ya miaka 6 hawalipi. Kama ubalozi unatumia kampuni ya kupokea maombi, kuna ada ya huduma juu yake, ambayo kwa kawaida haipaswi kuzidi nusu ya ada ya viza. Ujumbe wa simu, chai ya chumba cha kusubiri, "huduma maalumu", hivyo ni vya hiari. Kampuni hiyo haina kura katika uamuzi: inapokea karatasi, inachukua alama za vidole, inapeleka. Anayekwambia ana mtu ndani ni kishoka.

Hatua ya 5: Faili

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Picha milimita 35 kwa 45, ya karibuni. Fomu ijazwe yote na kutiwa saini; fomu isiyo na saini ni karatasi ya kufungia. Hayo ni mepesi.

Bima ndiyo watu huinunua bila kuisoma. Inatakiwa igharamie angalau euro 30,000 za matibabu ya dharura, kulazwa, na kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa au maiti, kwa nchi zote za Schengen na kwa siku zote za safari. Soma mstari wa eneo. Nimeona bima iliyoandikwa jina la nchi moja tu, ya mtu aliyekuwa anapita nchi tatu. Soma na mstari wa tarehe: ianze siku unayotua, si siku uliyolipa, na nyongeza ya siku chache mwishoni haidhuru.

Ndege na malazi: balozi nyingi hutosheka na nafasi iliyoshikwa bila kulipiwa, ila orodha ya ubalozi wako ndiyo yenye neno la mwisho. Hoteli inayoghairika bila malipo ni halali. Kuighairi ukiwa bado kwenye ngazi za kituo cha maombi ni upumbavu, kwa sababu ubalozi unaweza kuwapigia simu. Ukilala kwa rafiki au ndugu, nchi nyingi zina fomu yake rasmi ya mwenyeji, na barua ya kawaida haitoshi; mwenyeji aanze kuishughulikia mapema kuliko wewe.

Fedha. Hakuna kiasi kimoja cha Schengen nzima. Kila nchi hutangaza kiwango chake cha kila siku, na hubadilika kutegemea unalala hotelini au kwa mwenyeji. Angalia kiwango cha nchi unayoomba, zidisha kwa siku zako, ongeza akiba. Kisha taarifa ya benki ionyeshe maisha yako jinsi yalivyo: mshahara unaingia, kodi ya nyumba inatoka, salio linapanda na kushuka. Salio dogo lenye pumzi huaminika kuliko donge kubwa lililoingia wiki iliyopita bila maelezo. Kama donge ni la kweli, umeuza kiwanja au umelipwa malimbikizo, ambatanisha hati ya mauzo. Usimwache afisa akisie, kwa sababu hatakisia kwa faida yako.

Halafu ile barua iliyonimaliza mimi. Barua ya mwajiri iseme cheo chako, tangu lini, mshahara, na tarehe kamili ya likizo kuanza na kwisha na ya kurudi kazini. Aliyejiajiri apeleke leseni ya biashara na karatasi za kodi. Mwanafunzi, barua ya chuo. Mtoto, cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi. Lengo la rundo hili lote ni swali moja: kuna nini kitakachokurudisha?

Barua ya maelezo binafsi iwe ya ukurasa mmoja. Usianze na "naomba kwa unyenyekevu mkubwa". Anza na njia: natua Paris tarehe 4, naondoka Berlin tarehe 14, nafuata sanaa za hadharani za miji mitatu, huu hapa mpangilio. Chini yake weka ile jedwali ya safu tatu uliyochora kwenye hatua ya 2.

Kabla ya kufunga bahasha, chukua kalamu nyekundu na upitie kila karatasi ukizungushia tarehe tu. Usisome kingine. Fomu, tiketi, hoteli tatu, bima, barua ya kazi, barua yako. Kazi hii inachukua dakika kumi, na ingeniokolea ada nzima. (Fanya kwenye nakala, tafadhali, si kwenye karatasi halisi.)

Hatua ya 6: Dirishani

Utatoa alama za vidole vyote kumi na kupigwa picha. Zinahifadhiwa katika VIS, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za viza za Schengen, na zinaweza kutumika tena kwa maombi mengine ndani ya miezi 59, kwa hiyo kama ulishatoa, sema. Watoto chini ya miaka 12 hawatoi.

Maswali yakija, huwa mafupi. Unakwenda kufanya nini? Kwa nini Berlin siku tano? Nani analipa? Jibu kwa ufupi uleule. "Kuna ukuta wa kilomita moja na zaidi uliochorwa, na mimi nataka kuutembea wote" ni jibu kamili. Ukiulizwa kitu usichokijua, sema hujui. Na usimpe karatasi ambayo hakuomba. Nimemwona mtu akitoa picha za harusi, afisa akaanza kumuuliza mume yuko wapi.

Hatua ya 7: Soma stika kabla hujatoka mlangoni

Hapa nitakaa kidogo, maana stika ya viza ina tarehe mbili na namba moja, na namba ndiyo mwenye nyumba.

Tarehe mbili ni dirisha: tangu lini hadi lini viza inatumika. Namba ni siku unazoruhusiwa kukaa ndani ya dirisha hilo. Kwa kawaida dirisha huongezwa siku 15 za ahueni, ili ndege ikiahirishwa usiathirike. Kwa safari yetu stika inaweza kuandikwa kuanzia tarehe 4 hadi 29, muda wa kukaa siku 11. Msomaji wa haraka huona 29 akafurahi. Akikaa hadi 29 amezidisha siku 15, na hilo linaingia kwenye rekodi. Siku zako ni 11.

Angalia pia mara za kuingia: 01, 02 au MULT, yaani mara nyingi. Angalia eneo: nyingi huandikwa kwamba zinatumika nchi zote za Schengen, lakini zipo chache zinazobana nchi moja au zinazotoa baadhi. Angalia jina lako, herufi kwa herufi, na namba ya pasipoti. Kosa likionekana hapo hapo linarekebishwa. Likionekana usiku wa kupanda ndege, halirekebishwi.

Wenye MULT wana kanuni nyingine ya kuelewa, ile ya siku 90 katika kila siku 180. Haihesabu kwa mwaka wala kwa nusu mwaka. Kila siku unayokuwa ndani, rudi nyuma siku 180 ukiijumlisha ya leo, hesabu siku zote ulizokuwa Schengen, zisizidi 90. Mfano: umekaa tarehe 1 Januari hadi 31 Machi mwaka wa kawaida, siku 90 kamili. Kutoka siku moja na kurudi hakufuti kitu. Unaweza kuingia tena tarehe 30 Juni, siku ambayo ile Januari mosi imeshadondoka nje ya hesabu. Tovuti ya Tume ya Ulaya ina kikokotoo chake. Kitumie, lakini jifunze kuhesabu kwa vidole kwanza, kwa sababu mpakani hutakuwa na intaneti ya kutegemea.

Ukinyimwa

Barua ya kunyimwa ni fomu moja kwa nchi zote. Visanduku vinavyotiwa alama mara nyingi ni vya madhumuni ya safari kutoaminika na shaka kwamba utarudi. Soma kisanduku, si hisia zako. Kunyimwa si kufungiwa: unaweza kuomba tena hata kesho, ila ukipeleka faili lilelile utapata karatasi ileile.

Una haki ya kukata rufaa kwa sheria za nchi iliyokunyima, na muda wa kufanya hivyo umeandikwa kwenye barua. Nchi hazifanani. Ujerumani iliondoa tangu tarehe 1 Julai 2025 ule utaratibu wa kuuomba ubalozi upitie upya uamuzi wake, kwa hiyo kilichobaki ni mahakama au ombi jipya. Kwa kosa la tarehe kama langu, ombi jipya ndilo rahisi. Usifiche kwamba uliwahi kunyimwa. VIS inakumbuka hadi miaka 5. Mimi niliandika mstari mmoja kwenye barua: nilinyimwa kwa sababu ya tarehe kutolingana, nimeambatanisha barua mpya ya mwajiri. Nikapewa.

Hatua ya 8: Mpakani na baada ya mpaka

Viza inakufikisha mlangoni; anayefungua ni afisa wa mpaka. Beba kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku: hoteli, tiketi ya kurudi, bima, njia ya kupata fedha. Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 umeanza kutumika mfumo wa EES, ambao unarekodi kwa kompyuta kuingia na kutoka badala ya kugongwa muhuri, na ulisambazwa hatua kwa hatua. Mwenye viza hupigwa picha ya uso, kwa kuwa vidole vyake viko VIS tayari. Zamani mtu aliweza kutegemea muhuri uliofifia. Sasa mashine inajua siku zako kuliko wewe.

Ukishaingia, usiache pasipoti hotelini unapobadili nchi. Ni kweli mipaka ya ndani iko wazi, lakini Ujerumani ilirudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024, na polisi hupanda treni ya kutoka Brussels. Kijana mmoja behewani mwetu alikuwa na picha ya pasipoti kwenye simu. Aliteremshwa, tukamwona dirishani akipunga mkono kwa namna ya mtu asiyejua ampungie nani.

Kuhusu kamera. Kupiga picha kwa kumbukumbu zako hakuna neno popote kati ya miji hii. Kuuza picha ni jambo jingine: sheria ya Ujerumani inaruhusu kutumia hata kibiashara picha za kazi zilizowekwa kudumu barabarani, Ubelgiji ilifungua mlango huo 2016, lakini Ufaransa haijaruhusu kibiashara kwa kazi ambazo hakimiliki yake bado hai. Nguzo za Buren zimo humo. Na viza ya utalii si kibali cha kazi. Ukialikwa kuchora ukuta kwa malipo, hata kwa siku mbili, uliza ubalozi kabla ya kuomba na utaje kazi hiyo kwenye fomu. Kujichorea jina kwenye East Side Gallery, ambayo ni mnara uliohifadhiwa kisheria, ni kosa lisilohitaji maelezo.

Siku ya mwisho

Alasiri ya tarehe 13 nenda Brunnenstraße 193, na usitazame juu. Tazama chini. Kati ya mawe ya njia ya waenda kwa miguu kuna kibao cha shaba cha sentimita 10 kwa 10, kimoja kati ya zaidi ya 100,000 ambavyo msanii Gunter Demnig alianzisha kuvizika Ulaya mbele ya nyumba walizoishi watu walioteswa na utawala wa Hitler. Hiki ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Akiwa mtoto alipigana upande wa Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1929 alifika Berlin akaenda wizara ya mambo ya nje kudai mshahara wake na wa marehemu baba yake ambao haukulipwa. Wakamwambia amechelewa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza filamu, akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Kibao kiliwekwa 2007. Watu wanakikanyaga wakikimbilia tramu, na nadhani kimekusudiwa hivyo: lazima uiname ndipo usome.

Kesho yake, uwanja wa ndege, fika mapema, foleni ya kutoka ina mashine zilezile. Hakikisha umerekodiwa kutoka. Kipande cha tiketi ya ndege usikitupe. Mfumo ukikosea, ndicho kitakachokutetea.

Nyumbani, weka kipande hicho pamoja na nakala ya viza na pasipoti ya zamani ikiisha. Ukipata na kutumia vizuri viza tatu ndani ya miaka miwili, kanuni za Schengen zinaelekeza upewe ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Ukiitumia hiyo vizuri, ya miaka miwili. Kisha ya mitano, alimradi pasipoti yenyewe ina uhai wa kutosha. Mimi niko kwenye ya pili kati ya zile tatu za kwanza, na jedwali la ijayo nimeshalianza: Oslo, usiku minne.